Masikio Hayaazimwi: Hedifoni za Spika Saba Zianze na Kipimo Chako

Hedifoni nyingi zinazouzwa katikati ya Kampala zikiwa na maandishi makubwa ya 7.1 kwenye boksi, yaani spika saba na moja ya besi, zina spika mbili tu, moja kila upande. Zilizobaki zote zinatengenezwa na programu, na programu hiyo inadhani jambo ambalo mnunuzi haambiwi: kwamba kichwa chake na masikio yake vinafanana na vya mtu mwingine aliyewahi kupimwa mahali fulani, mara nyingi sanamu ya maabara. Ndiyo maana vijana wengi wanaocheza gemu au kutazama filamu huiwasha hiyo 7.1 siku ya kwanza, husikia sauti imejaa mwangwi na kupoteza makali, kisha huizima wasiiguse tena. Wakiulizwa, husema ni uongo wa kibiashara.

Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kuigiza spika kwenye hedifoni ni sayansi ya kweli, na ikifanywa sawasawa mtu anaweza kuvua hedifoni kuhakikisha kama spika zilizo mbele yake zinalia ama la. Inafika hapo pale tu inapojengwa juu ya vipimo vya msikilizaji mwenyewe. Kwa Uganda, ambako chumba chenye spika saba zilizopangwa ipasavyo ni cha wachache mno, nashikilia kwamba fedha na juhudi zielekezwe kwenye kupima masikio ya watu badala ya kununua vifaa vipya kila mwaka. Makrofoni mbili ndogo na programu ya bure zitamsaidia fundi wa sauti wa Wandegeya au Arua kuliko hedifoni ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa sikio la wastani.

Sauti ikitokea kulia hufika sikio la kulia kwanza. Kwa kichwa cha mtu mzima tofauti kubwa kabisa ya muda kati ya masikio mawili ni kama milisekunde 0.65, ambazo sauti huzitumia kusafiri sentimita 22 hivi. Sikio la mbali pia hupata sauti hafifu zaidi, hasa ile nyembamba, kwa kuwa kichwa kimeikinga. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaunganisha mambo haya mawili mwaka 1907: kwa sauti nzito ubongo hutegemea tofauti ya muda, kwa sauti nyembamba hutegemea tofauti ya nguvu.

Maelezo hayo yanatosha kwa kushoto na kulia, na hapo ndipo yanapokomea. Sauti iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Iliyo juu ya utosi vilevile. Kazi ya kuzitenganisha inafanywa na sikio la nje, ile mikunjo na mashimo ambayo hatuitazami mara mbili. Mawimbi yenye masafa ya kilohezi 4 au 5 (mitetemo 4,000 au 5,000 kwa sekunde) kwenda juu ni mafupi kiasi cha kugonga mikunjo hiyo na kurudishwa ndani. Baadhi hukutana na kukuzana, mengine hufutana, kutegemea yametoka upande gani. Ubongo wako umeyasoma mabadiliko hayo tangu utotoni, tena kwa masikio mawili tu, hayo uliyokua nayo. Shimo la sikio langu likizidi lako kwa milimita chache, pengo la mawimbi yaliyofutana, ambalo kwako linatokea kwenye kilohezi 7, kwangu litatokea kwingine, na ujumbe unaosema "mbele" kwako utasema "juu" kwangu. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana hapa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Hedifoni ya kawaida huiruka safari hiyo yote. Wimbo uliotengenezwa kwa spika mbili zilizo mbele ya msikilizaji unamwagwa moja kwa moja masikioni bila kupita kando ya kichwa, na ubongo usipopata dalili ya upande wowote huiweka sauti ndani ya fuvu. Mwimbaji anasimama kati ya masikio. Tumezoea hali hii hata tunaiona ya kawaida.

Kwamba inaweza kurekebishwa si jambo la kubahatisha. Mwaka 1989 Frederic Wightman na Doris Kistler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha majaribio ambayo waliingiza makrofoni ndogo masikioni mwa wasikilizaji, wakapima namna sauti inavyowafikia kutoka kwa spika zilizowazunguka, kisha wakawachezea sauti kwa hedifoni ikiwa imepitishwa kwenye vipimo vya kila mmoja wao. Wasikilizaji walitaja pande za sauti karibu sawa na walivyozitaja kwa spika halisi. Miaka minne baadaye, 1993, Elizabeth Wenzel wa NASA akishirikiana na hao wawili na mwenzao mwingine alijaribu upande wa pili: watu walisikiliza kwa vipimo vya sikio lisilo lao. Kushoto na kulia kulibaki salama. Kilichovurugika ni mbele na nyuma, juu na chini, yaani palepale ambapo mkunjo wa sikio ndio unaotoa uamuzi. Tangu hapo hakuna anayeweza kudai kwamba jambo hili halikujulikana.

Lakini kumpima kila mteja ni gharama, na biashara ikachagua njia ya mkato. Mwaka 1994 Bill Gardner na Keith Martin wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walipima sanamu ya maabara iitwayo KEMAR kutoka pande 710 na kuyatoa matokeo bure. Ilikuwa zawadi kubwa kwa watafiti wote duniani, na hadi leo ni msingi mzuri wa kujifunzia. Tatizo lilianza pale sanamu hiyo, iliyochongwa kwa wastani wa vipimo vya watu wazima wa Marekani, na nyingine za aina yake zilipogeuzwa sikio la kila mtu. Sisemi kwamba kuna sikio la Kiganda au sikio la Kinubi. Tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya ukoo mmoja inatosha kuharibu kazi. Chuo Kikuu cha California kule Davis kilipotoa mkusanyo wake wa watu 45 mwaka 2001, kila mmoja akiwa amepimwa kutoka pande 1,250, mtu angeweza kuona kwa macho jinsi michoro ya vipimo vya masikio yao isivyofanana. Kuchukua wastani wake ni sawa na kwenda kwa mchuuzi wa miwani barabarani na kuvaa ya kwanza anayokupa.

Kuna hoja nzito inayopingana nami. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliziba sehemu ya mikunjo ya masikio ya watu kwa vibandiko vilivyofinyangwa. Mara moja watu hao walipoteza uwezo wa kujua kama sauti iko juu au chini. Wakaishi navyo, na ndani ya wiki kadhaa uwezo ukarudi: ubongo ulikuwa umejifunza masikio mapya. Cha kushangaza zaidi, vibandiko vilipotolewa, masikio ya zamani hayakuwa yamesahaulika. Basi kwa nini tusijizoeshe sikio la KEMAR?

Nadhani jibu limo ndani ya jaribio lenyewe. Watu wale walivivaa vibandiko mchana kutwa, wakitembea, wakiona anayewaita ametokea wapi, macho yakiwasahihisha masikio kila dakika. Anayesikiliza hedifoni kwa muda wa saa moja jioni hapati sahihisho lolote. Picha iko kwenye kioo cha simu mbele yake, hatua za adui wa kwenye gemu zinasikika nyuma, na hana njia ya kujua kama programu imekosea au adui yuko nyuma kweli. Anachojifunza ni kutoiamini 7.1.

Kipimo chenyewe kinahitaji makrofoni mbili ndogo zinazokaa kwenye mdomo wa tundu la sikio na kuliziba. Unaketi mbele ya spika, unatulia, na spika inatoa mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka hezi 20, sauti nzito kabisa, hadi hezi 20,000. Mtaliano Angelo Farina wa Parma ndiye aliyeonyesha mwaka 2000 kwa nini mlio huo ukipanda kwa mwendo wa kuzidisha, na siyo wa kujumlisha, unafaa kuliko kelele za kawaida za kupimia: kasoro za spika yenyewe zinajitenga kwenye hesabu na kuangukia kando ya kipimo, unazikata, unabaki na kilicho safi. Kompyuta inalinganisha mlio uliotumwa na uliofika. Tofauti iliyo kati yake inabeba kila kitu kilichotokea njiani: umbali, bega, kichwa, mikunjo ya sikio, ukuta, dari, pazia. Baadaye wimbo wowote ukipitishwa kwenye tofauti hiyo, kwa hesabu iitwayo konvolusheni, unatoka ukiwa umevaa spika ile na chumba kile.

Halafu inakuja hatua ambayo naiona ndiyo moyo wa kazi nzima, na ambayo watu wengi wenye haraka huiruka. Bila kuzigusa makrofoni, unavaa hedifoni juu yake na kuucheza mlio uleule tena. Hedifoni ina tabia yake. Inakuza hapa na kupunguza pale, na tabia hiyo hubadilika ikikutana na sikio lako. Usipoiondoa, mkunjo wa sikio utahesabiwa kwenye kipimo huku hedifoni ikiongeza rangi yake juu. Kipimo cha pili kinaiondoa. Na kwa kuwa makrofoni zilikuwa palepale mara zote mbili, kasoro zake nazo zinajifuta: makrofoni ya bei ndogo inayopunguza sauti nyembamba kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) itazipunguza hivyohivyo kwa spika na kwa hedifoni, na hesabu ikigawanya kimoja kwa kingine, zile desibeli 3 zinatoweka. Kwa nchi ambayo makrofoni ya maabara yenye cheti ni kitu cha kuagiza kutoka mbali na kulipia ushuru, sijui habari njema kuliko hii. Usahihi unaletwa na utulivu wa mkono. Bei haina nafasi kubwa hapa, isipokuwa kwa makrofoni inayovuma yenyewe, kwa sababu mvumo hauondoki kwa kugawanya.

Utulivu huo lakini ni wa lazima. Wimbi la kilohezi 10 lina urefu wa sentimita 3.4 tu, na makrofoni ikisogea milimita chache wakati wa kuvaa hedifoni, upande wa juu wa kipimo unaharibika bila kukupa ishara yoyote. Unasikia tu kwamba spika ya mbele imepanda juu ya paji la uso, unaanza kuilaumu programu.

Vifaa vya kufanyia haya vipo vya namna mbili. Kampuni ya Smyth Research ilitengeneza mashine za Realiser, na ile ya A16, iliyochangishiwa fedha kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2016, inaigiza hadi spika 16 na kufuata mwendo wa kichwa. Bei yake ni ya maelfu ya dola, tuiache. Ya pili ni programu huria iitwayo Impulcifer, iliyoandikwa na Jaakko Pasanen, inayopokea rekodi zako na kutoa faili moja. Spika saba mara masikio mawili ni njia 14, na faili lenye njia hizo 14 linapakiwa kwenye HeSuVi, programu ya kuigiza spika kwenye hedifoni, juu ya Windows, bure pia, na kompyuta mpakato ya kawaida inalibeba bila shida. Kinachokosekana hapo ni ule mfuatilio wa kichwa. Mwanasaikolojia Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba kugeuza kichwa kidogo tu hutosha kutenganisha mbele na nyuma, na faili lisilojua umegeuka wapi hupoteza msaada huo: ukigeuka, spika zinageuka nawe. Kwa anayetazama kioo cha mbele yake hasara ni ndogo. Kwa anayependa kusikiliza akitembea chumbani, ni kubwa.

Nimewahi kumsikia kijana mmoja wa studio akimwambia mkubwa wake wa kazi, "Mzee, spika tunayo moja tu, hiyo saba tutaipata wapi?" Swali zuri, na jibu lake ni kwamba moja inatosha. Mpangilio wa kimataifa wa 5.1 (spika tano na moja ya besi), kwa mfano, unaweka spika za mbele digrii 30 kila upande na zile za pembeni kati ya digrii 100 na 120. Spika ikikaa mahali pamoja, wewe ndiye unayegeuka: unachora alama kwa chaki sakafuni, unaketi kwenye kiti kinachozunguka, na ukitaka spika ya mbele kushoto unatazama digrii 30 kulia ili spika ibaki kushoto kwako. Unapima, unageuka, unapima tena. Kwa njia hii spika zote za kuigizwa zina sauti ya rangi moja, maana zimetokana na spika moja. Studio zenye spika za aina mbalimbali zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti haziwezi kujivunia hilo. Udhaifu wake ni kwamba chumba kinazunguka pamoja nawe. Ukuta uliokuwa kushoto kwa spika hii unakuwa nyuma kwa ile, na msikilizaji makini anaweza kuhisi chumba kinachojipinga chenyewe.

Kelele ya Kampala ni adui wa kweli. Jenereta, boda boda, mkesha wa maombi wa jirani, na mvua ikianguka juu ya mabati hakuna anayepima chochote. Kwa kelele isiyobadilika kuna dawa: kila unaporefusha mlio mara mbili unapata nafuu ya desibeli 3, hivyo mlio wa sekunde 24 unakupa desibeli 6 zaidi ya ule wa sekunde 6. Boda boda inayopita katikati ya mlio haina dawa hiyo; inaacha alama yake kwenye kipimo na njia pekee ni kurudia. Wala huwezi kurefusha mlio bila kikomo, kwa kuwa kichwa cha binadamu hakikai kimya sana hata mwenyewe akidhani hajatikisika. Saa nane au tisa usiku, mlio wa wastani, mtu aliyelala vya kutosha mchana: huo ndio ushauri wangu.

Kingine kinachotushinda ni vyumba. Nyumba nyingi za kupanga mjini ni kuta za saruji, sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya kioo, na mwangwi wake unaingia kwenye kipimo ukae humo milele. Kuta zilizoachana mita 3.4 hulimbikiza besi karibu na hezi 50, na faili litaibeba besi hiyo kwenye kila wimbo. Magodoro yaliyosimamishwa ukutani na mablanketi hupunguza mwangwi wa sauti za kati na nyembamba, besi hayaigusi. Programu inaweza kukata mkia wa mwangwi na kusawazisha sehemu ya besi. Hata hivyo kuna ukweli ambao programu haiukwepi: chumba kibovu kilichopimwa kwa usahihi ni chumba kibovu sahihi.

Hapo ndipo ninapofikia pendekezo langu. Kampala ina studio chache zenye vyumba vilivyotibiwa kupunguza mwangwi na spika zinazoaminika. Kuna pia vyuo, Makerere kikiwa mbele, vyenye wahandisi na kumbi tulivu. Chumba kimoja kizuri kikipimwa na watu wengi, kila mmoja kwa masikio yake, kila mmoja anaondoka nacho. Fundi wa Jinja anarudi Jinja na chumba cha Kampala ndani ya flashi. Spika haziwezi kugawanywa hivyo, wala chumba. Mtayarishaji wa filamu anayetaka kuuza kazi nje hukutana na madai ya mchanganyiko wa 5.1, kwa sababu majukwaa makubwa ya filamu mtandaoni huudai kwa filamu yanazoziagiza, na kwa sasa anakisia kwa spika mbili za mezani. Wakalimani wa filamu wa vibanda vyetu, hao ma-VJ wanaozungumza juu ya filamu nzima kwa Kiluganda, nao wangeweza kuisikia sauti yao ikikaa kwenye spika ya kati na risasi zikibaki pembeni, badala ya kila kitu kugombania mahali pamoja.

Pingamizi kubwa la pendekezo hili linatoka kwa watafiti wenyewe. Imeonekana kwamba ukisikiliza chumba kikubwa kilichopimwa huku umeketi kwenye chumba kidogo, macho na masikio hayapatani, na sauti huanza kurudi kichwani. Chumba ulichopimwa kinapofanana na ulichoketi, udanganyifu unashika. Kwa hiyo mtu wa Ntinda, mtaa wa Kampala, aliyepimwa studio hataisikia studio hiyo nyumbani kwa nguvu ileile aliyoisikia pale pale. Nakubali. Ila fundi anayechanganya sauti hahitaji kuamini kwa moyo wote kwamba spika iko mbele yake. Anahitaji uwiano sahihi wa besi, nafasi sahihi za pande, na uhakika kwamba kesho vitakuwa hivyohivyo. Hayo anayapata. Anayetaka raha ya filamu jioni, huyo apimiwe sebuleni kwake, spika ikiwa mahali anapoiona kila siku. Ni vipimo viwili kwa kazi mbili, na sioni aibu ya kuvitenganisha.

Jambo hili linagusa kitu cha kwetu zaidi ya filamu. Amadinda ya Buganda, ala ya mbao za kugongwa, ina mbao 12 na wachezaji watatu. Wawili, omunazi na omwawuzi, huketi wakitazamana na kupishanisha mapigo yao, hili la huyu likiingia kati ya mawili ya yule. Wa tatu, omukoonezi, hushika mbao mbili ndogo kabisa. Mtafiti wa muziki Mwaustria Gerhard Kubik, aliyekuja Kampala mwaka 1959 na kufundishwa na mpiga amadinda Evaristo Muyinda, aliandika juu ya nyimbo zinazosikika katika mchanganyiko huo ingawa hakuna mchezaji hata mmoja anayezipiga. Embaire ya Busoga inaenda mbali zaidi: magogo makubwa hulazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, wachezaji wakiwa pande zote mbili, na aliyesimama karibu huipokea besi kwa miguu.

Rekodi ya kawaida ikisikilizwa kwa hedifoni inayaua haya. Mikono yote inakuwa mstari mmoja katikati ya kichwa, na mwanafunzi anayetaka kujua omunazi alianza wapi na omwawuzi akaingilia wapi hana pa kushika. Mrekodi kila mchezaji kwa makrofoni yake, umweke mmoja kwenye spika ya mbele kushoto, wa pili mbele kulia, wa tatu kati, kisha upitishe kwenye vipimo vya mwanafunzi mwenyewe. Sasa ana watu watatu mbele yake. Anaweza kumfuata mmoja, kumwacha, kumfuata mwingine, na ule wimbo usiopigwa na mtu bado unazaliwa hewani kati yao, nje ya kichwa chake, ulikokuwa tangu mwanzo. Besi ya shimo la embaire itabaki pungufu. Hedifoni haitikisi miguu ya mtu. Lakini kwa shule zisizo na ala wala mwalimu, ningeianza kazi hii kesho.

Kampuni kubwa zimeshaona kwamba sikio la wastani halitoshi. Sony ilipoleta mfumo wake wa sauti ya digrii 360 mwaka 2019 iliwaomba watumiaji wapige picha za masikio. Apple ikaingiza uchunguzi wa sikio kwa kamera ya simu mwaka 2022. Ni hatua mbele, na kwa mtu asiye na muda ni bora kuliko KEMAR. Ila picha inatoa umbo, na kutoka umbo kwenda sauti ni makadirio ya programu ambayo mtumiaji hawezi kuyakagua. Makrofoni iliyo sikioni haikadirii. Vilevile matokeo ya picha hizo yanaingia kwenye mfumo wa kampuni moja na kutumika kwenye vifaa na huduma inazozichagua yenyewe, na ukihama, sikio lako linabaki huko.

Sikio ni alama ya mtu kama uso. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019, na yeyote atakayefungua chumba cha kupimia, iwe studio au chuo, aichukulie rekodi ya sikio kuwa taarifa binafsi tangu siku ya kwanza: idhini ya maandishi, faili moja kwa mwenyewe, na nakala ya studio ifutwe akitaka. Muundo wa wazi wa kuhifadhia vipimo hivi upo, unaitwa SOFA, na umekuwa kiwango cha jumuiya ya wahandisi wa sauti, AES69, tangu 2015. Anayepimwa apewe pia rekodi ghafi za milio yote, za spika na za hedifoni, pamoja na jina la makrofoni iliyotumika na picha ya ilivyokaa sikioni. Siku akinunua hedifoni nyingine, hatalazimika kurudi kwenye chumba chenye spika: atazivaa makrofoni za aina ileile vilevile zilivyokaa, atapima hedifoni mpya kitandani kwake kwa dakika chache, na kazi ya studio itaendelea kutumika, ingawa upande wa juu hautakuwa sahihi kama wa siku ile makrofoni hazikuguswa.